Ufa wa Nguzo ya Nne

Kaka mpenzi,

Wanao wazima, na mkeo kikohozi kimemwacha. Mimi ningali naipigia manispaa picha za madaraja yaliyochakaa.

Lile daraja wanaloliita Ngamia, ambalo wanao hulivuka kwenda shule, nguzo yake ya nne ina ufa. Mwezi uliopita hata ukucha haukupenya. Jumatatu niliingiza kidole kizima, nikagusa nondo zilizoliwa na kutu.

Nilimwonyesha baba picha, maana yeye ndiye aliyesimamia zege pale. Alivaa miwani, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Siku ile saruji ilituishia," akasema. "Tukazidisha mchanga. Niliambiwa nifunge mdomo, nikafunga."

"Baba, picha hii lazima niipeleke."

"Ngoja nife kwanza, mwanangu. Sina siku nyingi."

Nilingoja, kaka. Siku mbili nzima wanao walivuka, nami picha iko mkobani, nikikwepa macho ya mkeo. Jana asubuhi uvumilivu ukanishinda, nikampelekea mhandisi. Kufika adhuhuri daraja likafungwa.

Baba hajanilaumu, wala hasemi nami. Chakula anakiacha sahanini. Mlango ukigongwa anavaa kofia na kusimama, akidhani polisi wamekuja kumchukua.

Mwandikie wewe, hata mistari miwili. Mwambie wanao leo wamezunguka njia ndefu, na wamefika. Kwangu neno hilo hataki kulisikia.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike