Usitie Saini kwa Mwaka Usio Wako

Kashindi, mdogo wangu,

Naanza na jina lako ili tuelewane ninaongea na nani. Simu zangu huzipokei tangu Jumapili, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nimeamua kukuandikia mbele ya watu. Wengi watakaosoma wana kaka na wadogo zao pale institut, chuo chetu cha kilimo, na najua wapo wanaosubiri zamu ya kufanyiwa ulichofanyiwa wewe. Jina la klabu yako sitalitaja, wala lile jina jipya walilokupachika. Wenzako wanalijua, wengine haliwahusu.

Nimekasirika. Nasema mapema, usije ukafikiri hii ni barua ya kukutakia heri.

Na usijidanganye kwamba nimekasirika kwa sababu uliacha masomo ukaenda kucheza mpira wa kulipwa ng'ambo ya mpaka. Hapo nilikuwa upande wako, nikabishana na papa, baba yetu, kwa ajili yako mpaka akaacha chakula mezani. Institut ilikupa nini? Viatu mlikuwa mnaazimana, anayetoka anamvulia anayeingia. Mkuu wa institut alikuwa hafiki uwanjani ila siku ya kombe, anakuja na mpiga picha wake, anasimama katikati yenu utadhani yeye ndiye aliyefunga. Kesho yake profesa anakuandikia sifuri, eti hukuonekana kwenye mtihani, na mtihani wenyewe ulikukuta Bukavu unawachezea wao. Nani asingeondoka? Mwenye miguu kama yako akiitwa na wanaolipa, aende, ale jasho lake. Hilo nililisema na ninalirudia.

Nakumbuka vizuri tulikotoka, ndiyo maana hasira haiishi. Nakumbuka ziwa lilivyopanda likameza uwanja wenu, magoli yakabaki yamesimama majini, mkahamia Kavimvira kwenye kile kiwanja karibu na mpaka, malori yakipita mnakula vumbi. Nakumbuka zamu ya kufua jezi. Timu haikuwa na mfuaji, kila juma jezi zote zilikwenda nyumbani kwa mchezaji mmoja, na zamu yako ilikuwa zamu yangu, maana wewe ulijua kuchafua tu. Tulikuwa tunakaa kwenye mawe ya mto Mulongwe, mimi nasugua, wewe unasuuza huku unanisomea masomo yako ya magonjwa ya mihogo. Siku moja maji yakanyakua jezi ya kapteni. Uliikimbilia ukingoni hadi karibu na ziwa, wamama wanakucheka, ukarudi umeifunga kichwani. Ukaniambia, mimi dada yako mkubwa, "Yaya, minye nikikuwa agronome, nitakununulia mashine ya kufua." Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Ulikuwa mwanafunzi kweli, si mchezaji aliyejificha darasani. Kule shambani kwetu Kiringye ni wewe uliyemwonyesha papa mashina yenye ugonjwa ya kung'oa. Alinuna, halafu akayang'oa. Mihogo ilipopona akakuzungusha kwa majirani, anasema, "Muulizeni huyu, Baba yangu." Maana papa hajawahi kukuita Kashindi hata siku moja. Umebeba jina la baba yake, kwa hiyo kwake wewe ni Baba, na hata akikukaripia anaanzia hapo.

Halafu akaja yule manaja, wakala wa kuuza wachezaji. Alianza kukaa pembeni ya kiwanja na miwani yake nyeusi, hata mvua ikinyesha, anaandika kitu kwenye simu. Kwanza akamchukua golikipa, kisha winga, kisha wewe. Sasa hivi institut imekuwa kama forodha ya Kavimvira, watu wanapitia tu. Vijana wanajiandikisha mwaka wa kwanza ili waonekane, wakionekana hawarudi hata kuchukua matokeo. Mechi ya juzi dhidi ya wapinzani wetu wa siku zote, ile iliyokuwa inafunga barabara, timu haikutimia. Walimvalisha jezi mlinzi wa lango la institut wakamweka beki, na mzee wa watu alikimbia mpaka akakaa chini. Watu walicheka. Mimi niliondoka kabla ya mapumziko.

Hata hayo ningeyameza. Michezo ya vyuo ikifa, wenye vyuo ndio walioiua kwa uchoyo wao, na sitakulaumu wewe. Lakini kile nilichokiona pale mpakani, hicho hakipiti kooni.

Unakumbuka ulivyopita nyumbani mara ya mwisho, nikakusindikiza Kavimvira na mfuko wako wa ndagala, dagaa wa ziwani. Yule wa uhamiaji alishika karatasi za watu, anaita jina moja moja. Akaita jina fulani, hakuna aliyejibu. Akaita tena kwa ukali. Wewe ukasema, "Niko hapa, chef." Nilifikiri umekosea kusikia. Ulipopewa karti ya utambulisho nikakunyang'anya, nikaona sura ni yako, jina si lako, mwaka si wako.

"Yaya, usifanye kelele," ukaniambia polepole. "Iko karatasi tu. Wote wanafanya."

"Na Kashindi?"

"Kashindi iko nyumbani. Weye umutunze."

Ukacheka. Ulinicheka mimi, Kashindi, niliyekupeleka shule ya msingi nimekushika mkono. Nilikurudishia karti kwa sababu polisi alikuwa anatutazama, na kwa sababu bado ulikuwa mdogo wangu na sikutaka wakukamate. Nikakupa ndagala zako ukavuka.

Wenyewe mnaita kukata miaka. Kijana akionekana mdogo anauzika zaidi, basi manaja anampunguzia miaka, anambadilishia jina ili ya zamani yasijulikane, na mwanaume mwenye ndevu anaambiwa anyoe kila asubuhi awe mtoto. Manaja hapotezi kitu. Mambo yakiharibika anavua ile miwani na kwenda kukaa pembeni ya kiwanja kingine. Wewe je? Diplome yako ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari, imeandikwa Kashindi. Masomo uliyofaulu ni ya Kashindi. Goti likivunjika, na magoti huvunjika, utarudi institut kama nani? Watakuuliza diplome, utawaonyesha ya mtu ambaye wewe mwenyewe umekana kuwa ndiye. Si mwanafunzi, si mchezaji, na papa atakuitaje?

Nilitaka kukwambia hayo kwa upole. Lakini Jumapili ulinipigia kwa furaha, kwamba wiki ijayo unatia saini kontra ndefu na klabu, na kwamba pasipoti itatoka kwa jina hilo na mwaka huo, na baada ya hapo mambo yote yamekaa sawa. Nilipokuuliza kama unaweza kulirudisha jina lako baadaye, ukaniambia, "Yaya, weye unaogopa tu." Ukakata.

Ndiyo, naogopa. Na tangu jana ninaogopa zaidi, sikiliza kwa nini.

Nilikuwa namsuka Furaha. Jumapili alinisikia nikilalamika nawe kwenye simu, akataka nimweleze hii habari ya miaka, nami nikamweleza, hata kwamba kwenye karatasi wewe ni mdogo wake, kwa sababu ameshakuwa msichana mkubwa na siwezi kuendelea kumfukuza chumbani. Unamjua kitinda mimba wetu. Akafurahi kama amepewa zawadi. "Kumbe sasa minye ni mukubwa wake! Akirudi nitamutuma maji, na anisalimie na heshima." Tukacheka wote wawili, hasira yangu ikapoa kidogo. Kisha akauliza wamekuandikia mwaka gani. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, kichwa chake kimetulia mikononi mwangu, akaacha kucheka.

"Yaya," akasema, "mwaka huo mama alikuwa ameshakufa."

Mimi sikuwa nimehesabu. Nimegombana nawe juu ya jina, juu ya diplome, juu ya institut, usiku na mchana, na akili yangu haikufika hapo. Ni Furaha aliyehesabu, yeye ambaye mama alimwacha bado hajatambaa na hana hata sauti yake kichwani. Wewe una sauti yake. Wewe ulikuwa unalala mgongoni kwake ukiwa umeshakua, majirani wanamwambia amshushe huyo, ana miguu yake, naye anasema mwacheni, atatembea sana. Alipokufa ulikataa kula, tukakudanganya kwamba ameenda Baraka kununua samaki, ukawa unakwenda kukaa barabarani kumngoja. Mimi ndiye niliyekuwa nakuja kukuchukua pale barabarani.

Kwenye karatasi yako hayo yote hayakutokea. Kwenye karatasi yako alizikwa kabla hujaja duniani.

Papa hajajua bado, naye si mtu wa kusoma haya yanayoandikwa mbele ya watu. Ananiuliza kila asubuhi, "Baba amepiga simu?" na mimi namjibu umechoka na mazoezi. Sitamweleza hili. Sina mdomo wa kumweleza.

Sikuombi uache mpira. Cheza, hata wakikulipa kidogo. Mwambie manaja kwamba utatia saini kwa jina lako na miaka yako yote, ukiwa na ndevu zako. Akikataa, vuka mpaka urudi. Kule institut mwaka unaanza wiki chache zijazo, nimekwenda mwenyewe ofisini kuuliza, na nafasi ya Kashindi ipo. Nitafua jezi tena ikibidi, nitanung'unika lakini nitafua. Ila ukitia saini kwa mwaka ule, usinitume mimi kwa papa. Njoo mwenyewe, ukae mbele yake, umwambie ni mwanamke gani aliyekuzaa.

Nakungoja, na hasira zangu ziko palepale.

Yaya yako,
wa tumbo moja nawe