Aliyeshika Kamera Hapigwi

Baba,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu imetoka moyoni.

Salamu zako zimefika. Dereva wa lori la dagaa wa usipa aliyepakia huko Chiwanda alisimama pale njia panda, akaulizia nyumba yetu, akatukuta uani. "Mzee wenu anaumwa," alisema. "Miguu imevimba, hata mtumbwini hapandi tena. Anaomba ruhusa arudi nyumbani." Mama alikuwa anachambua kahawa kichanjani, hakuinua kichwa. Dereva alipoondoka akaniambia, "Mjibu baba yako," kisha akanipa maneno machache ya kukufikishia. Nitayaandika, lakini mwishoni. Wewe ulitungojesha sana, nawe ngoja kidogo. Na barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, maana mambo ya nyumba yetu yalifichwa nyuma ya vicheko mpaka yakaoza.

Kwanza tuongee habari ya ile kamera.

Uliinunua Songea mwaka ule kahawa ilipozaa vizuri. Sisi tulitegemea utarudi na mabati. Ukarudi na kitu kinachoenea kwenye kiganja, cha rangi ya fedha, chembamba kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Baba Neema, ndiyo hii? Si itapotea kwenye ugali!" Siku hiyo hata wewe ulicheka. Ukawa unaivaa zaidi ya kuitumia: mfuko wa shati, kamba yake ikining'inia nje makusudi ili watu waulize. Ukiiwasha, lenzi ilichomoza ikilia kidogo, na watoto wa jirani walirudi nyuma wakidhani itawauma. Betri tulikwenda kuichaji kwa mwalimu aliyekuwa na sola, na mimi ndiye niliyetumwa, nimeifunga kwenye leso, huku nimekatazwa hata kukimbia.

Ilikuwa ndogo mno kwa vidole vyako. Vidole vya jembe vile vilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo; mara umefuta picha ya Bibi, mara umewasha flashi saa sita mchana. Ndiyo maana ukanifundisha mimi. Ulisimama nyuma yangu, ukashika viwiko vyangu ukavibana mbavuni. "Kitu chepesi kinatikisika, Neema. Shika kwa mikono miwili. Bonyeza nusu, ngoja kile kiboksi kiwe cha kijani usoni kwa mtu, halafu malizia. Usikidonoe kama kuku." Nilimpiga Bibi akimenya maharage, na picha ikatoka hadi mikunjo ya vidole vyake inaonekana. Ukanishika kichwa. Nilikupenda siku hiyo, Baba. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na linaniuma kuliko fimbo zako zote.

Kisha mvua ikanyesha kahawa ikiwa kichanjani.

Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliporudi mbio, amelowa, wewe ulikuwa umekwisha kung'oa ubao wa kichanja. Ulimpiga nao mgongoni na matakoni mpaka ukavunjika, ukaendelea na kipande kilichobaki. Deo, mdogo wangu, aliingia chini ya kitanda. Mimi nilikung'ang'ania mguu, ukanipiga teke la mdomo, nikatema jino kwenye tope. Alasiri mvua ikakatika, jua likatoka safi kabisa, na wewe ukatoka ndani umenawa, umevaa koti. "Vaeni nguo za kanisani," ukasema. "Tupige picha."

Uliiweka kamera juu ya mashine ya kumenyea kahawa, ukaiinua mbele kwa gunzi la hindi ili itutazame sawasawa. Ukaitegesha ijipige yenyewe. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza, ukakimbilia kiti chako cha katikati. "Chekeni!" ulisema bila kufungua meno. Tukacheka. Picha hiyo ninayo. Anayeiona husema hii ni familia iliyobarikiwa. Haoni kwamba Mama amekalia tako moja, kwa sababu la pili lilikuwa halikaliki.

Ikawa desturi. Kipigo, maji ya kunawa, nguo za kanisani, taa nyekundu. Ukizipanga picha zetu za miaka ile, ni za vicheko vitupu, na mimi naweza kukuambia kila kicheko kilitanguliwa na nini.

Lakini watoto wana akili, Baba. Deo ndiye aliyegundua. Siku moja ulimkimbiza na mkanda, naye akajikuta kamera iko mkononi mwake. Mkanda ulikuwa umekwisha kwenda hewani, ukausimamisha. Uliogopa ungeivunja. "Weka kamera mezani," ukasema polepole. Akaiweka, ukampiga. Tangu siku hiyo tulijua kwamba aliyeshika kamera hapigwi. Tukisikia hatua zako tu, tuliigombania kwa viwiko mimi na yeye, tunajifanya tunaifuta vumbi. Nilipokua kidogo nikawa nampa Mama. Alikaa nayo mapajani wakati unafoka, ameifumbata kwa mikono yote miwili, na wewe unazunguka chumba umekunja ngumi. Dakika zile za kuzunguka ndizo zilizokuwa za kupumzika kwake. Kisha sauti ile ya chini: "Weka kamera mezani." Hakuna aliyewahi kukataa.

Unakumbuka Liuli? Ulitupeleka kwenye harusi ya Mjomba, mdogo wake Mama. Siku ya pili yake watu walikuwa wameanika usipa mchangani, na Deo akaomba apige picha. Ukampa. Alijikwaa kwenye kamba ya nyavu, akaanguka, mchanga ukaingia kwenye lenzi ikakwama nusu nje nusu ndani. Alikuletea mwenyewe, ameinyoosha kwa mikono miwili, maana ndivyo tulivyojua: aliyeshika hapigwi. Lakini ilikuwa imekwisha kufa, ikawa haimlindi mtu. Uliichukua mikononi mwake taratibu sana, ukanikabidhi mimi, ukaokota kasia. Mkono wake ulilia kama kuni kavu. Ukainua mara ya pili, na hapo ndipo Mjomba, bwana harusi wa jana, alipokurukia mkaangukia kwenye usipa wa watu, mnaumana na kukabana mpaka mkatenganishwa. Hospitalini ukasema mtoto ameteleza kwenye jabali. Mama akaitikia kwa kichwa.

Jioni nilikaa na mswaki, nikapiga lenzi taratibu, nikapuliza, nikapiga tena. Chembe zikatoka moja moja, lenzi ikarudi ndani. Ulifurahi sana. Asubuhi ukatupanga juu ya mwamba, ziwa nyuma yetu, Deo na hogo lake la plasta limening'inizwa shingoni. "Chekeni!"

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua. Mama alikuwa anaisoma ile taa. Inakonyeza polepole kwanza, halafu ikikaribia mwisho inakonyeza haraka haraka. Wewe ukiona haraka haraka, unanyoosha kidevu, unaangalia mbele, unakuwa askari wa gwaride. Hapo hutuoni tena. Mama alilijua hilo kwa miaka mingi, akalinyamazia.

Kisha, wiki yako ya mwisho nyumbani, ulimpiga kwa mchi. Kosa lake, aliuza kuku akamnunulia Deo viatu vya shule bila kukuuliza. Jicho la kushoto lilifumba, mdomo ukapasuka, mkono ukavimba kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Lakini ulitaka picha kubwa ya ukutani, kwa sababu Ijumaa jumuiya ilikuwa inasali kwetu na wewe ndiye mwenyekiti. Ukamwambia ashushe kilemba, ageuze upande mzima. Ukaitegesha kamera, ukakimbia, ukakaa. Taa ikaanza kwenda haraka. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliinua mkono mzima, akavua kilemba, akaugeuza uso wote mbele, akapandisha na mkono wa gauni. Hakucheka. Nilisikia kamera ikilia, na kabla hujageuza shingo alikuwa amekwisha kujifunga tena.

Ulikwenda kuitazama kwenye kile kioo cha nyuma, jua linakipiga, umekikinga kwa kiganja. "Nimetoka vizuri," ukasema. Ukaenda Mbinga mjini kuisafisha, ukairudisha ndani ya fremu, imefungwa kwa gazeti. Ukapiga msumari chini ya msalaba, ukaitundika, ukasimama kuiangalia muda mrefu. Mimi niko nyuma yako, nasubiri umuue Mama palepale. Ukasema, "Hili koti limenikaa."

Hapo ndipo nilipokuelewa, Baba. Haikuwa macho mabovu. Uso ule uliuzoea. Kwako huo ndio ulikuwa uso wa mke wako, hukuona ndani yake kitu kigeni. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, ndivyo wanavyosema; wewe hukuhitaji hata kusahau.

Ijumaa jumuiya ikaja. Kina mama wakakaa mikekani, wanaume kwenye viti, na mimi umenipa kamera niwapige picha wakisali. Watu waliangalia ukuta, wakaangalia rozari zao. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenyekiti. Kisha akaingia Bibi, mama yako aliyekuzaa, amechelewa kama kawaida yake. Akaiona. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akageuka.

"Nani amempiga mkwe wangu hivi?"

Bibi akaenda alipokaa Mama, akamvua kilemba mbele ya watu wote.

"Nauliza, nani?"

Ulinitazama mimi. "Neema, weka kamera mezani." Wengine hawakujua maana yake. Sisi watatu tulijua. Niliikumbatia kifuani. "Nimesema weka kamera mezani!" Nikasema siiweki. Lilikuwa neno dogo tu, lakini halikuwahi kusemwa katika nyumba ile. Ukanyakua kigoda ukakiinua, sijui kwa ajili yangu au ya Mama, na Bibi akaingia katikati. Kilimpata begani. Nilisikia kishindo chake, kisha nikamsikia anaita jina lako la utotoni.

Yaliyofuata unayajua kwa mwili wako. Wanaume wa jumuiya walikuangusha, na wengine walikuwa bado wamefungia rozari kwenye ngumi. Uliuma mtu sikio. Ulivunjiwa pua kwenye ukingo wa mlango. Na mimi niliingia, nikakupiga teke la mdomo, palepale uliponipiga mimi siku ya mvua, na sijutii. Nilikuwa na kamera mkononi muda wote. Bibi alisimamishwa, bega limening'inia, akasema maneno ambayo kijiji kizima bado kinayarudia: "Mkono ulionipiga mimi hautanawa tena katika nyumba hii." Ukaondoka na koti lako, damu inakuchuruzika. Tukasikia uko Chiwanda, unawashonea wavuvi nyavu.

Sasa unataka kurudi. Nisikufiche, miaka yote hii nimekuombea mabaya. Nikisikia ziwa limechafuka nilikuwa nasema, labda leo. Mkono wa Deo haunyooki mpaka kesho. Humbeba mwanawe upande wa kulia tu. Nilipomuuliza habari zako alisema neno moja, "Asije." Nami nikasema asije. Bibi, ambaye bega lake linamwambia mvua kabla haijafika, alisema ameshakusamehe kwa sababu tumbo lake halina pa kukutupa. "Neno langu la siku ile nimelifuta," alisema. "Lakini uso uliopigwa si wangu. Muulizeni mwenye uso."

Basi haya ndiyo maneno ya mwenye uso. Nayaandika kama alivyoyasema, akichambua kahawa:

"Mwambie aje. Chumba cha nje kipo. Uji atapata, miguu nitamkanda. Ila picha haishuki. Na kula atakula sebuleni, anaitazama."

Nilimuuliza, Mama, baada ya yote? Akasema, "Sitaki afe huko akijiona yule mwenye koti." Halafu akanituma mbio nilete kifuniko, maana kahawa ilikuwa inaanza kupigwa na manyunyu.

Kwa hiyo njoo. Nitakupokea njia panda, nitakubebea mzigo, nitakupa shikamoo mbele za watu. Tutapiga picha uani, kila mmoja na uso alionao siku hiyo, na hakuna atakayeambiwa acheke. Betri ya zamani ilivimba kama miguu yako, fundi mmoja wa Mbinga akanitafutia nyingine. Simu yangu inapiga vizuri zaidi, najua. Lakini siku utakayofika nitakuwa nimeshika ile ndogo, kwa mikono miwili, viwiko nimevibana mbavuni kama ulivyonifundisha. Utaingia, utaketi, utakula, utalala, utazeeka katika nyumba ile.

Siiweki mezani, Baba.

Kwaheri mpaka njia panda,

Binti yako wa kwanza