Mkomamanga Nilioung'oa Dada Akiwa Mtoni

Mama yangu,

Mkomamanga wako umekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke.

Baada ya wewe kutuacha, mimi na dada Zaharia tuliumwagilia kwa zamu pale uani Mutsamudu. Kisha serikali ya Wafaransa ikamhamishia mume wangu ofisi ya Moroni. Nyumba ikabaki kwa dada, na hilo sikulinung'unikia. Lakini mche ule, Mama, ulioupanda ukiwa tayari unaumwa, ukatuita tuje tuone majani mawili ya kwanza... nilishindwa kuuacha.

Nilingoja dada aende mtoni kufua. Nikachimba mbiombio, kama mwizi, na mzizi mkuu nikaukata kwa kisu cha jikoni. Aliporudi alikuta shimo. Alinitazama, akasema, "Ungeniomba, ningekupa." Halafu akatoa shiromani yake ya kujitanda, imelowa, kwenye beseni la nguo, akaifunga ile mizizi. "Basi usife njiani," akauambia mti. Mimi hakunisemesha tena.

Huku Moroni ua wetu ni mawe meusi matupu. Jirani, Bi Sitti, ambaye Kingazija chake bado nakibahatisha, alinisaidia kubeba udongo kutoka kwake. Maji ni ya birika la kukingia mvua. Nilijinyima ya kuoga nikaupa mti. Majani yakapukutika yote. Jana Bi Sitti alilikwangua gome kwa ukucha. Ndani pakavu. Akanishika bega.

Lakini linalonila si hilo. Dada aliandika kuuliza mti unaendeleaje, nami, wakati ule majani yameshaanguka, nikamjibu kuwa umeshika, unachipua. Akanijibu: "Alhamdulillahi, basi Mama hajatutoka kabisa." Barua hiyo sijaweza kuisoma mara ya pili.

Mume wangu anasema, "Mwandikie ukweli, yaishe." Hapana, Mama. Uongo niliupitisha kwenye karatasi, ukweli nitaupeleka kwa miguu yangu. Meli ijayo ya kurudi kwetu Nzuwani nitapanda, nimwambie dada uso kwa uso. Akinifungia mlango, nitakaa kizingitini mpaka aufungue.

Kaburini kwako sitakuja kabla ya hapo. Nitaona haya.

Mola akupanulie nafasi ulipo, akutie nuru. Kwaheri, Mama. Fatiha yako nitakuja kuisoma na dada, tukiwa wawili. Na akikataa kuja nami, nitakuja peke yangu nikuambie hivyo pia.

Mwanao,
Echati