Bukari ya Mama Ngoie

Kamalondo, Jumanne, Agosti 1961

Na mimi mwenyewe ndiye nimempa jirani sababu ya kutuchukia.

Tangu munganga wa hospitali anikate nusu ya tumbo kwa ajili ya kidonda cha ndani, ninakula kama mutoto: matonge mawili ya bukari, ugali wetu, basi. "Kula kidogo kidogo, kunywa maziwa, mayai," aliniambia. Maziwa! Anadhani ninakaa Golf, kwa matajiri. Tangu vurugu hizi za Wakatanga na sisi Wakasai, sokoni hata muhogo ni wa kugombania.

Leo jirani yetu Mama Ngoie alileta bukari ya moto na samaki, akakaa kunitazama. Nilikula matonge mawili, nikasukuma sahani. Kurudisha sahani ya jirani na chakula ndani ni kumtukana, ninajua.

Uso wake ukabadilika.

"Baba Mbuyi, unawaza nilitia sumu? Juu weye ni Mukasai na miye ni Mukatanga?"

Nikafungua shati, nikamuonyesha kovu. Hakulitazama. Akamega tonge, akalimeza mbele yangu.

"Unaona? Kula sasa."

Miaka yote hii tumelishiana watoto. Nikala yote kwa aibu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Akacheka, akaichukua.

Hakuwa amevuka hata uwanja wetu. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikatapika yote. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama pale, ananitazama.

Nilitaka kumueleza, nikatapika tena.

Akaenda kwenye bomba letu, akaosha sahani yake, akaisugua na muchanga, akaiosha tena. Kama vile sumu ilikuwa yetu.