Kusamehe kwa Niaba ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Limepita! Pendekezo langu la tasnifu limekubaliwa. Swali: je, mtu anaweza kusamehe kwa niaba ya aliyekufa? Mimi nasema hapana. Msimamizi wangu ndiye yule profesa ambaye wanafunzi humwita Mama Kwanini. Karibu kila sentensi yangu aliiwekea alama ya kuuliza pembeni. Nilitoka ofisini kwake jasho linanitiririka, moyoni nacheka.

Mwenye duka la fotokopi akauliza, falsafa ndiyo kusomea nini hasa? Nikamwambia kuuliza maswali. Akasema kumbe binti yake wa miaka mitatu naye ana shahada.

Alhamisi, 13 Machi

Semina ya leo sitaisahau. Mama Kwanini alikuwa anatetea hoja yake mwenyewe, aliyoifundisha miaka nenda rudi: kwamba ahadi humfunga mtu kwa sababu mwenzake ameitegemea. Mwanafunzi mwenzetu mmoja, mama mkimya ambaye mchana ni mhasibu, akanyoosha mkono. Na ahadi ambayo aliyeahidiwa hakuiamini hata siku moja, haifungi?

Profesa akavua miwani. Akatazama dirishani.

“Umenikamata,” akasema. “Nimekosea.”

Akafuta ubao wote, akaanza upya — anatabasamu kama aliyepewa zawadi! Kwetu sijawahi kumsikia mtu mzima akisema amekosea. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nalirudia tu neno hilo.

Jumamosi, 29 Machi

Baba amerudi.

Kiharusi. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, maneno yanakwama. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye amemshusha mlangoni kwa Dada na begi lake, akaondoka zake. Baba huyu huyu aliyemkimbia Mama akiwa hajiwezi kitandani! Hata mazikoni hakutia mguu.

Dada ni mwalimu wa udereva, sauti yake inasimamisha lori. Lakini ungemwona anavyomlisha Baba supu: kijiko kidogo, anasubiri, anamfuta kidevu, tena kijiko. Amemwachia chumba chake, yeye analala na wanawe. Mimi nisingeweza. Nilisimama tu namtazama.

Kisha Baba akatuomba msamaha, kwa yale aliyomtendea Mama. Dada hakumeza hata mate: “Yamekwisha, Baba. Tumekusamehe. Na Mama pia amekusamehe.”

Mama pia! Nikatoka, nikaubamiza mlango. Dada akanifuata kwenye ngazi, una nini wewe? Nikamwambia hana mamlaka hayo. “Mamlaka? Kwani hapa mahakamani?” Akasema vitabu vyangu niwe naviacha nje pamoja na viatu.

Jumanne, 8 Aprili

Sikukusudia kumweleza Profesa. Yalitoka yenyewe, na machozi juu. Akanisogezea tishu, akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataniambia nibadilishe mada. Wapi!

“Dada yako ana hoja?”

Nikasema nina hasira naye, basi.

“Sikukuuliza hivyo.”

Kanituma niiandike hoja ya Dada kwa nguvu zangu zote, hadi mwenyewe akiisoma apige makofi. Ndipo nitaruhusiwa kumpinga. Mwanamke huyu hana huruma. Nampenda.

Ijumaa, 9 Mei

Mwezi mzima nimeandika, nimefuta, nimeandika. Leo nimempa Dada asome. Nimemwekea hivi: Mama alitulea, sauti yake imo ndani yetu, tabia yake tunaijua. Tukisema amesamehe, hatumsemei uongo, tunatoa ushahidi.

Akapiga makofi kweli! “Hapo sasa! Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, sikuwa na maneno.” Akageuza ukurasa. Uso ukabadilika. “Mbona huku unanipinga?”

Kwa sababu kumjua mtu si kuwa yeye, nikasema. Mama angeweza kutushangaza.

Akafikiri. “Ni kweli, Mama alikuwa na mambo yake,” akasema, na tukacheka mpaka tukashikana mabega. Hajakubaliana nami. Ila alisoma kila mstari, mtu aliyetoka kazini amechoka taabani, na amenipakulia chakula kuliko wote.

Jumatano, 2 Julai

Nimefaulu!! Kwa marekebisho.

Utetezi ulienda vizuri hadi mtahini wa nje, bwana wa sauti ya taratibu, alipouliza: kama hayupo wa kumsamehe, aliyekosa afanye nini na maisha yake yaliyobaki? Nikamtazama Profesa. Hakuniokoa. Nikasema sijui. Nikajua nimejimaliza.

Kwenye korido Profesa akanishika mkono. Eti katika majibu yangu yote, hilo ndilo lililompendeza zaidi. “Sasa kalifanyie kazi.” Natakiwa kuongeza sehemu ya mwisho.

Jumapili, 6 Julai

Niko kwa Dada, chumbani. Naandika nimesimama.

Baada ya chakula Baba aliniita sebuleni. Kumbe Dada amemwambia nilichoandika. Neno moja moja: “Nisomee. Hiyo ya Mama yako.” Nikajitia nimeisahau nyumbani. Dada — msaliti! — akaichomoa mkobani mwangu.

Nikasoma. Kwenye hoja ya Dada, Baba akawa anaitikia kwa kichwa. Nikafika panaposema hapana. Nikataka kupita juu juu.

“Usiruke.”

Sikuruka. Nikamsomea baba yangu kwamba hakuna anayeweza kumsamehe kwa niaba ya Mama: si mimi, si Dada, si yeyote. Kisha nikainua macho. Baba ninayemjua mimi angerusha kikombe. Huyu alikuwa ameinama mbele, mkono ulio mzima nyuma ya sikio, asipitwe na neno.

“Kweli,” akasema. “Hiyo... kweli.”

Dada akageukia ukutani.

Jamani! Profesa akikosea ana ubao wa kufuta, na kesho anafundisha tena. Baba ana nini? Na bado amekiri.

Halafu akauliza, sasa mtu huyo afanye nini? Nikamjibu ukweli: Baba, hapo sijaandika bado. Akasogeza kiti cha pili karibu yake kwa mguu, akakipigapiga, niketi.

“Chukua kalamu,” akasema. “Nitakuambia... nilivyojaribu.”

Nimekuja kuichukua. Namsikia Dada anazima redio. Baba anakohoa, anasafisha koo.