8191 Imekataa Kugawanyika

Shikamoo Mama,

Huku Songambele mvua inapiga bati tangu asubuhi, lakini wanafunzi wangu wameshinda mashindano ya hesabu! Mwamuzi aliuliza kama 8191 ni namba tasa. Wapinzani wetu wakaanza kuigawa kwa tatu, tano, saba. Asimwe, ambaye walimu walitaka nimwache nje ya timu kwa sababu ya kigugumizi chake, akasimama.

"Ukiandika mbili mara kumi na tatu, ukazizidisha zote, ukatoa moja, unaipata," alisema polepole. "Kigawanyo tasa cha namba ya aina hiyo lazima kibakize moja kikigawanywa kwa 26, na chini ya 91, ambayo ikijizidisha inaipita 8191, ziko 53 na 79 tu. Zote zinabakiza. Ni tasa."

Mwamuzi alihakiki, kisha akampigia makofi. Nilirukaruka mbele ya watu! Sasa tunakula ndizi na maharage ya moto. Ungekuwapo, Mama, ungepiga vigelegele mpaka sauti ikauke. Nakupenda sana.

Mwanao,
Koku