Lisasi, Anasema Faustin

Jumatano, Muhima.

Na bado Faustin anasisitiza bunduki ni safi. Jana wanachama wa klabu ya shabaha walilalamika kwamba wanakosa hata ubao wenyewe, na Jumamosi kuna mashindano. Nikamwambia Faustin, fundi mwenzangu: "Toa risasi kwenye mtutu." Akachungulia. "Mzee, haiko na lisasi. Niliangalia mara mbili."

Lisasi. Miaka mitatu anashika bunduki, hajui kwamba risasi ni madini kabla ya kuwa kitu cha kufyatua. Kwake ni isasu, ile ya kufyatua kwa lugha ya kwao, basi.

Nikazungusha nyuzi za shaba kwenye brashi kuukuu, nikasugua mpaka ule utando wa kijivu wa madini hayo ukatoka vipande vipande. Nikamsema mbele ya watu, Kiswahili chake na kazi yake pamoja.

Alichukua risasi mpya kwenye kopo, akaiweka kwenye mdomo wa mtutu. Ya saizi ya mtutu ingekwama pale pale. Hii iliteleza hadi ndani.

"Mzee, hii iko nyembamba. Moto inapita pembeni, inaiyeyusha, inabakia kwenye mtutu."

Risasi za kopo zima nilizimimina mimi, madini yakiwa moto, kwenye kalibu yangu ya kuziundia. Sikupima hata moja.